Mafuta ya nazi: kupaka sawa, ila hili la kunywa kwa kijiko tuliongee

BintiPangani

Wakuu, habari za jioni.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya baba yangu, na kwa ajili ya wazee wenu huko nyumbani ambao pengine nao wameshauziwa maneno haya haya.

Mzee ana miaka 67, yupo Pangani. Ana presha, na lehemu, yaani kolesteroli, ilishampanda siku nyingi. Miaka mitatu amemeza vidonge vyake vya lehemu bila matatizo. Mwishoni mwa mwaka jana akapita muuzaji na chupa za mafuta ya nazi zenye lebo ya kuvutia, akamwambia vijiko viwili asubuhi na viwili usiku vinasafisha mishipa, na kwamba vidonge vinamla ini. Mzee akaamini. Na angeachaje kuamini? Amezaliwa chini ya minazi, amelelewa kwa tui, ngozi yake tangu uchanga imepakwa mafuta hayo hayo. Kitu ambacho hakijawahi kukudhuru miaka yote, mtu akikwambia ni dawa unakubali upesi kuliko kidonge cha hospitali.

Vidonge akaviacha kimyakimya. Tulijua mwezi wa nne nilipompeleka kupima. LDL, ile lehemu mbaya, ilikuwa milimoli 2.6 kwa lita ya damu alipokuwa anameza dawa. Safari hii ilisoma 4.9.

Siwezi kuyatwisha mafuta mzigo wote, kwa sababu kuacha vidonge peke yake kungeipandisha. Lakini twende kwenye hesabu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya nazi kina kama gramu 14, na karibu gramu 12 kati ya hizo ni mafuta ya aina ile inayopandisha LDL, sawa na yaliyomo kwenye siagi na samli. Kwa wastani mafuta ya nazi yana asilimia 80 hadi 90 ya mafuta ya aina hiyo, wakati siagi ina kama 63 na mawese kama 50. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote mtu anayoipata kwenye chakula. Kwa anayekula kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 22 hivi. Mzee wangu kwa vijiko vinne alikuwa anapitisha gramu 48 kabla hajagusa ugali wala samaki.

Mwaka 2020 jarida la kitabibu la Circulation lilichapisha uchambuzi uliojumuisha majaribio 16 yaliyofanywa kwa watu. Waliotumia mafuta ya nazi LDL yao ilikuwa juu kwa takriban miligramu 10 kwa kila desilita ya damu, ukiwalinganisha na waliotumia mafuta ya mimea yasiyo ya nchi za joto, kama alizeti, soya na zeituni. Lehemu nzuri, HDL, nayo ilipanda kwa miligramu 4, na hapo ndipo wauzaji wanapopashikilia. Ila dawa zilizobuniwa kupandisha HDL zilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa, na nyingi hazikuwapunguzia mshtuko wa moyo kama ilivyotarajiwa. Kwa hiyo kupanda kwa HDL hakufuti kupanda kwa LDL.

Nisieleweke vibaya. Mimi mafuta ya nazi nayapenda, na nayajua tangu yakiwa bado tui. Mama yangu alikuwa akiyapika kila mwisho wa mwezi. Jioni tunakuna nazi, mimi na dada yangu tunapokezana mbuzi mmoja, machicha yanakamuliwa kwenye kifumbu mara mbili, tui linalazwa usiku kucha. Asubuhi unakuta lile zito limeelea juu kama malai, maji yamekaa chini. Mama analikwangua lile la juu tu, analitia kwenye sufuria pana, moto mdogo wa makumbi. Mwanzo linachemka kwa sauti nzito kama uji. Halafu maji yanaisha, sauti inageuka, inakuwa ya kuchachatika, mapovu yanakuwa madogo madogo, na mashapo yanashuka chini yakianza kupata rangi ya karafuu. Mama alikuwa hatazami saa, anasikiliza tu. Sauti ikipungua anaepua pale pale, kwa sababu ukichelewa kidogo tu yananuka moto na hayafai kwa nywele. Yanachujwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Nazi kumi na mbili zilikuwa zinatupa chupa moja na kidogo. Mashapo tulikuwa tunayagombea, tunayala kwa sukari.

Chupa ile ndiyo iliyokuwa duka la dawa la nyumba nzima: kichwani, mwilini, kwenye visigino vilivyopasuka, kwenye ngozi ya mtoto. Lakini sijawahi kumwona mama akichukua kijiko akanywa. Nilipompigia simu kumuuliza habari ya baba, aliniambia, "Mafuta ni ya kupaka, mwanangu. Ya kula ni tui." Na nilipokaa nikasoma tafiti nilizoweza kuzipata, sikuona pa kumkosoa.

Wenye uzoefu karibuni, na wenye hoja tofauti pia.

Msomaji_Chumbageni

Dada, pole kwa ya mzee. Hoja yangu ni moja. Kuna jaribio la Cambridge la mwaka 2018, watu 94, walipewa gramu 50 kwa siku, wengine siagi, wengine zeituni, wengine mafuta ya nazi. LDL ilipanda kwa waliokula siagi. Waliokunywa mafuta ya nazi walikuwa sawa tu na wa zeituni. Halafu babu yangu mzaa mama, pale Moa, kala nazi kila siku na kaishi hadi 94, hajawahi kulazwa. Sasa tufuate lipi?

BintiPangani

Ahsante kaka, jaribio hilo nalijua na ni la kweli. Lilichukua wiki 4. Waliokubaliwa kushiriki walikuwa na miaka 50 hadi 75, hawana historia ya ugonjwa wa moyo wala kisukari, na hawakuwa kwenye dawa za lehemu. Kwa maneno mengine, mtu kama baba yangu asingeruhusiwa hata kuingia. Ni jaribio moja, na majaribio yote yanapowekwa kwenye mizani moja picha inabadilika.

Na ya babu, Mungu amrehemu, wala sibishani nayo. Wako watu wamewahi kuchunguzwa wanaoishi hivyo. Kule Bahari ya Pasifiki kuna visiwa vya Tokelau na Pukapuka, utafiti wao uliandikwa mwaka 1981. Watu wa Tokelau walikuwa wanapata zaidi ya nusu ya nguvu yao ya siku kutoka kwenye nazi, kama asilimia 63, na magonjwa ya moyo yalikuwa machache. Lakini ukiendelea kusoma unakuta lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa Pukapuka ambao walikula nazi pungufu kuliko wao. Nazi iliipandisha hata kwao. Kilichowasaidia huenda ni mengine yote: walikula nazi yenyewe pamoja na nyama yake, samaki wa siku hiyo hiyo, viazi na matunda, sukari haba, na kazi za jua kutwa.

Babu wa Moa naye naamini alikula hivyo. Samaki wa kupaka, muhogo wa nazi, mchicha, na njia ya kwenda shamba kwa miguu. Hakuongeza vijiko vinne juu ya chipsi na soda. Tui ni chakula, limechanganyika na maji na vingine vya nazi, na linakuja na mboga ndani yake. Kisamvu au matembele yakiungwa kwa nazi mwili unafyonza vizuri zaidi kile kinachogeuka vitamini A, kwa sababu kinahitaji mafuta ili kipite. Sitaki mtu aondoke hapa akaache wali wa nazi. Mwenye lehemu ya juu apunguze tui, lisiwe la kila siku na lisiwe zito, basi.

MamaMapacha

Dada, mie nina mapacha wa miezi minane, mmoja ana pumu ya ngozi, magoti na mashavu yanachubuka hadi yanatoa maji. Bibi yao anataka mafuta ya nazi, hospitali nimepewa mafuta ya mgando na dawa ya kupaka. Nifanyeje?

BintiPangani

Hapa ndipo mafuta ya nazi yanaponifurahisha. Ufilipino, mwaka 2014, walitoa matokeo ya jaribio la watoto 117 wenye pumu ya ngozi ya kiasi. Nusu walipakwa mafuta ya nazi yasiyopikwa, nusu mafuta yatokanayo na petroli, kwa wiki 8. Ukali wa ugonjwa ulishuka kwa asilimia 68 kwa wa nazi, na 38 kwa wenzao. Tena mafuta ya nazi yanawapunguza wale bakteria wanaopenda kukaa kwenye ngozi yenye pumu na kuichokonoa. Ile asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta yote ya nazi, inatajwa kuwa ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Kwa hiyo bibi hajakosea. Mpake mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, yakae mahali pa mafuta ya mgando. Dawa ya hospitali usiiache, hasa pale panapotoa maji, maana pengine pameshaingia maambukizi na mafuta peke yake hayatapaweza. Kwanza jaribu sehemu ndogo ya mkono, uangalie siku moja. Akivimba au akizidi wekundu, acha.

Mengine mawili ya watoto, tafadhali yachukueni kwa uzito. Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe mafuta ya nazi, kiachwe kikavu na kisafi, au kipakwe kile tu ulichopewa kliniki. Na msimdondoshee mtoto mafuta puani akiwa na mafua. Kuna nyumba nyingi za pwani wanafanya hivyo. Yakishuka kwenye mapafu yanaleta nimonia ya aina yake, ngumu kuitibu, kwa sababu mapafu hayana njia rahisi ya kuyatoa.

MuuguziWaZamu

Naomba niongeze, maana hili naliona kazini. Watu wenye ualbino wanaambiwa mafuta ya nazi yanazuia jua. Jamani, hapana. Kipimo cha kinga yake ya jua kilichopatikana maabara ni kama 7 au 8, na mwenye ualbino anahitaji 30 au zaidi, pamoja na kofia pana na mikono mirefu. Nimeona kijana wa miaka 22 ana kidonda shingoni ambacho hakikuwa kidonda, ilikuwa saratani. Alikuwa anapaka mafuta ya nazi kila asubuhi akijua amejikinga. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanatengeneza losheni ya Kilisun mahsusi kwa ajili yao. Ulizeni kliniki za ngozi na vyama vyao.

Jingine ni la watu wazima. Mafuta ya aina yoyote, ya nazi yakiwemo, yanaidhoofisha kondomu ya kawaida ya mpira na inapasuka kirahisi. Mwenye kuitumia atafute vilainishi vya maji.

BintiPangani

Ahsante sana dada muuguzi. Hilo la ualbino sikuliweka na lilistahili kuwa la kwanza.

Nywele_Asilia

Mie nywele zangu ni kipilipili, kavu, zinakatika. Mafuta ya nazi yamenisaidia sana lakini kila nikipaka kichwani mba unaongezeka. Wengine mnapata hivi?

BintiPangani

Unachokiona kina sababu. Kwenye unywele wenyewe mafuta ya nazi ni bingwa. Mwaka 2003 watafiti wa India waliyalinganisha na alizeti na mafuta yatokanayo na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kupotea kwa protini ya nywele, ukipaka kabla ya kuosha na hata baada ya kuosha. Chembe zake ni ndogo na zimenyooka, zinapenya hadi ndani ya unywele, mengine yanabaki juu. Nywele zikiwa zimeshalishwa mafuta, maji ya kuoshea hayazivimbishi sana, na kule kuvimba na kusinyaa ndiko kunakozichosha.

Ila mba una fangasi wake wanaoishi kwenye ngozi ya kichwa, na chakula chao ni mafuta. Ukiyaacha ngozini siku tatu unawaandalia karamu. Paka kwenye nywele, anzia nchani, usifike kwenye ngozi. Lala nayo, asubuhi osha. Mba wenyewe utibu kwa shampuu ya mba. Na wenye uso wa chunusi msiyapake usoni, yanaziba vitundu.

Gym_Kila_Siku

Nimesikia yanachoma mafuta ya tumbo, kuna mafuta ya MCT yanauzwa bei kubwa, wanasema ya nazi ni yale yale kwa bei rahisi. Kweli?

BintiPangani

Si yale yale, mdogo wangu. Majaribio yaliyoonyesha watu wakipungua uzito kidogo yalifanywa kwa hayo ya MCT, mafuta yaliyotengenezwa maalumu, yaliyojaa asidi fupi za kaboni 8 na 10 ambazo zinakwenda moja kwa moja kwenye ini kuunguzwa. Hizo kwenye mafuta ya nazi ni chache. Iliyo nyingi ni lauriki, ina kaboni 12, na sehemu yake kubwa inafyonzwa kwa njia ile ile ya mafuta mengine. Kijiko kimoja ni kalori 120 hivi. Ukiongeza vitatu kwa siku juu ya chakula chako, umejiongezea 360.

Mkulima_Mafia

Nawasoma tu, acha niseme kutoka shambani. Tatizo jingine ni kwamba mengi mnayonunua si ya nazi tupu. Minazi imekufa sana pwani ya bara kwa ule ugonjwa wa kunyong'onyea, majani yanageuka manjano, kilele kinadondoka, unabaki mti kama nguzo ya umeme. Mradi wa taifa wa minazi ulianza tangu 1979 pale Mikocheni na watafiti bado wanahangaika nao hadi leo. Nazi zimepungua, bei imepanda, wachanganyaji wameingia.

Yasiyopikwa, yaliyokamuliwa kwa baridi, yanakuwa meupe kama maji na yana harufu ya nazi mbichi. Ya kupikwa nyumbani yana umanjano kidogo na harufu ya kashata. Yanayotoka kwenye mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa kwa moshi, yana rangi ya chai na yanakera pua. Mbata ikiota ukungu usiikamulie nyumbani, kuna sumukuvu, na wewe huna kiwanda cha kuisafisha. Ukitaka kupima, tia kidogo kwenye friji. Ya kweli yanaganda yote, meupe, magumu. Yakibaki na tabaka la maji maji juu, yamechanganywa na alizeti au mfano wake. Mchanganyaji mjanja akitia mafuta mengine yanayoganda hutamkamata kwa friji, hapo unabaki kumtegemea muuzaji unayemjua.

Msomaji_Chumbageni

Dada, mzee anaendeleaje sasa?

BintiPangani

Alhamdulillah. Alirudi kwenye vidonge mwezi ule ule wa nne. Kwanza alikasirika, akaniambia nimesoma sana nimesahau kwetu. Sikubishana naye. Nilimchukua hadi kwa daktari, na daktari, Mungu ambariki, hakumkemea. Alimwuliza tu, "Mzee, hayo mafuta ulikuwa unayapaka wapi ulipokuwa kijana?" Mzee akacheka, akasema miguuni, baada ya kutoka baharini, chumvi ikiwa imemkausha. Daktari akamwambia ayarudishe huko huko. Juzi amepima, LDL imeshuka hadi 2.9. Chupa iliyobaki iko kibarazani, anapaka magoti kila jioni, na Ijumaa mama anampikia wali wa nazi, tui jepesi.

Wa_Makambako

Nimechelewa kufika ila naomba msaada. Shangazi alinitumia mafuta kutoka Tanga kwa basi, yalikuwa maji kabisa alipoyafunga, yamefika huku yamekuwa jiwe jeupe ndani ya chupa, hata hayatoki. Yameharibika au amepigwa?

BintiPangani

Hayajaharibika, na shangazi hajapigwa. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Makambako mnajua baridi yenu. Tanga yanakaa maji siku nyingi za mwaka, huko kwenu yatakuwa magumu karibu kila asubuhi. Usiyaweke jikoni kwenye moto. Chemsha maji, yamimine kwenye beseni, subiri yapoe kidogo ili plastiki isijikunje, kisha simamisha chupa humo dakika kumi. Au ukiwa na kopo la mdomo mpana, yahamishie humo yakishayeyuka, ili siku nyingine uchote kwa ukucha na kuyasugua viganjani, yatayeyuka kwa joto la mikono yako.